Mikono Juu wa Mlango Mdogo

Kila asubuhi, kabla ya kuvuka kizingiti cha chumba chetu, mama mkubwa huvuta mifuko ya gauni lake ikatoka nje. Kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Huiacha ining'inie kama masikio ya mbuzi, huikung'uta, huirudisha ndani, ndipo hutoka kwenda anakokwenda, hata kama ni msalani tu. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna kitu kinampotea kila siku. Siku moja nikamuuliza.

"Naonyesha kwamba sina kitu," akasema.

"Unamwonyesha nani? Si tuko wawili tu?"

Akaangalia huku na huku, kana kwamba kweli kulikuwa na mtu wa tatu. "Mlango," akasema, akaondoka zake.

Mama mkubwa ni dada wa kwanza wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Ni mrefu, mwembamba, na hutembea ameinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Mtaani hawamwiti jina lake. Wanamwita Mikono Juu. Kuna watoto wanaodhani ndilo jina alilopewa na baba yake.

Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha nguo kilicho mwisho wa mtaa. Kabla sijazaliwa, nusu ya wanawake wa kwetu walifanya kazi humo, kwenye mashine za kusokota uzi na za kufuma. Wanaume walitokea geti kubwa. Wanawake walikuwa na mlango wao, mwembamba, wa kupita mtu mmoja mmoja. King'ora cha kutoka kikilia, mama mkubwa alikuwa ameshasimama hapo.

"Simama. Mikono juu."

Mikono yake mwenyewe ilianzia kwenye kitambaa cha kichwa cha yule aliyesimama mbele yake, ikashuka makwapani, kiunoni, kwenye pindo la gauni, ikaishia kwenye viatu. Alikuwa akitafuta vipande vya nguo, maana wapo waliojizungushia kitambaa mwilini, wakaingia wembamba na kutoka wanene. Akipata kitu, kazi yake ilikuwa kupaza sauti neno moja tu ili mlinzi wa nje asikie: "Anacho!" Aliyeitiwa neno hilo, kesho yake hakuingia. Na wote wakishatoka, msimamizi alikuja kumpekua yeye, mifuko nje. Kiwanda kilikufa, msimamizi akaenda zake, ila ile mifuko ndiyo imebaki.

Na jina limebaki. Bombani, mama mkubwa akitokea na ndoo, utamwona mwanamke mmoja ananyanyua mikono juu taratibu, kama anayejinyoosha. Kisha mwingine. Halafu kicheko. Hawamtukani. Wangemtukana ningejua la kufanya. Mimi nilikuwa naangalia maji yakijaa kwenye ndoo, kana kwamba yasipoangaliwa hayatajaa. Yeye aliona aibu mbele yao, mimi nikaona aibu kwa ajili yake, halafu nikaona aibu kwa sababu nimeona aibu. Tulirudi nyumbani kila mtu na ndoo yake kichwani.

Habari ya shule ilianza kwa sababu ya malori. Shule iliyokuwapo ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na malori ya mchanga yalipita hapo mfululizo. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, mtoto wa jirani alipogongwa. Mama mkubwa aliniambia, "Kaa hapa nyumbani. Usijue kuandika, lakini uishi." Basi wazazi wa mtaa wakaliomba lile jengo la kiwanda liwe shule yetu wenyewe. Wakazungushwa, wakaomba tena, wakazungushwa, mwishowe wakapewa, pamoja na popo wake.

Akaja Mwalimu, dada mmoja kijana kutoka mbali, asiyejua lolote kuhusu kiwanda. Alipoingia mara ya kwanza alizunguka ukumbi mzima ameinua uso.

"Madirisha yako wapi?" akauliza.

Hakukuwa na dirisha. Vioo vilikuwa juu kwenye paa tu, vya kuingiza mwanga. Ukutani hapakuwa na tundu la mtu kuchungulia, kwa sababu mwenye kiwanda hakutaka mtu atazame nje akiwa na uzi mkononi.

"Toboeni," akasema Mwalimu. "Humu watoto watasinzia kama kuku."

Ndipo kazi ikaanza. Kila Jumamosi mtaa mzima ulihamia kiwandani. Sakafuni kulikuwa na bolti za kushikilia mashine, zimechomoza kila mahali, nene kama dole gumba la mguu, na fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche alizikata moja moja huku wanawake wakipiga kelele kwamba anawachoma. Wanaume walitoboa kuta. Wanawake walipiga magoti wakasugua oili iliyokauka kwa majivu na mabrashi. Kila nyundo ilipogonga, vumbi la pamba la miaka mingi lilianguka kutoka kwenye mihimili, likatua juu ya vichwa vyetu kama mvi.

"Leo nyote mmekuwa mabibi!" Cheche alipiga kelele. "Hata wale wanaong'ang'ania ujana!"

"Kata bolti, wewe! Umri wetu wakuhusu nini?"

Jumamosi ya kwanza mama mkubwa alikwenda na brashi yake na ndoo ya majivu, mimi nyuma yake. Geti kubwa lilikuwa limezibwa na vyuma vilivyotolewa ndani, kwa hiyo watu wote walipita ule mlango mdogo. Alipoufikia alisimama. Nilimpita, nikaingia, nikageuka. Alikuwa bado nje, anaangalia chini, mahali penye saruji iliyolika karibu na mwimo, palipo laini kuliko sakafu yote. Ni pale alipokuwa akisimama.

Kazi ilisimama. Wanawake wakanyanyua vichwa.

Aliyesema alikuwa Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye bondeni. Zamani alikuwa kwenye mashine za kufuma. "Pita, dada," akasema. "Unaogopa nini? Hakuna wa kukupekua. Mpekuzi si ndiye wewe?"

Wakacheka wote. Mama mkubwa akatoa mifuko yake nje, akaikung'uta, akairudisha, akaingia. Hapo hakuna aliyecheka. Alikwenda kona ya mbali kabisa, yenye oili nyingi kuliko zote, akapiga magoti, akaanza kusugua akiwa ametugeuzia mgongo.

Mchana tulipumzika, tukanywa chai juu ya mbao. Mwalimu alikuwa amefuata chokaa. Mama Pacha akavuta pumzi, nikajua kuna kitu kinakuja.

"Nyie vijana, mnajua nani wa kwanza kugundua kwamba nina mimba ya pacha?"

"Daktari," akasema Cheche.

"Daktari wapi! Tumbo langu la miezi mitano lilikuwa kama la tisa. Nafika mlangoni, huyu hapa ananiambia, hilo si tumbo, hilo ni jora la kitambaa. Akanigonga, ko, ko, ko, kama anabisha hodi. Namwambia dada, ni mtoto. Ananiambia mtoto mmoja hajai hivyo, pandisha gauni. Mbele ya foleni nzima! Nikapandisha. Akatazama, akaweka mkono, akatulia. Akasema, 'Pita. Wako wawili.'"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Cheche aliinama akishika mbavu. "Si daktari, jamani," Mama Pacha akamalizia, machozi yakimtoka kwa kicheko, "ni Mikono Juu!"

Mama mkubwa alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyake vyenye majivu. Kicheko kikapungua, kikaisha kidogo kidogo, kila mmoja akiacha kwa wakati wake. Alipoondoa mikono uso wake ulikuwa wa kijivu, macho tu yakionekana.

"Nisamehe," akasema.

"Nini?" Mama Pacha hakusikia.

"Nilikugonga kwa nguvu."

Mama Pacha akaangalia kikombe chake. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza kwa sauti ya chini. "Ulinigonga kwa nguvu, ni kweli," akasema. Halafu akasogea kwenye ubao, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Njoo ukae hapa. Mbona unakaa kama mgeni msibani?"

Tangu siku ile bombani mikono haikunyanyuliwa tena. Jina halikutoka, lakini lilibadilika sauti. "Mikono Juu, umeamkaje?" "Mikono Juu, nishikie mtoto, nakwenda hapo tu." Na watoto aliokuwa akiachiwa wakawa wanaongezeka. Wakati mama zao wakisugua na kupaka chokaa, yeye aliwakusanya kwenye chumba kilichokuwa stoo ya bobini, vile vigogo vya mbao vya kuzungushia uzi. Magunia ya bobini yalikuwa bado yamo. Mwalimu akasema zipakwe rangi, watoto wazitumie kuhesabia. Mimi na mama mkubwa tukazipaka, nyekundu, bluu na njano, tukazianika uani kama matunda.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkubwa akitaka kitu. Sijawahi kumwona akitaka kitu kabla ya hapo. Chumba kile kilikuwa kiwe cha chekechea, na kilihitaji mlezi. Kwenye kikao cha wazazi alisimama Mama Pacha, si mwingine.

"Mimi nasema awe Mikono Juu," akasema. "Mjukuu wangu akiwa kwake halii. Akiwa kwangu analia."

"Kwako nani asilie, na sauti hiyo?" akasema Cheche.

Palikuwa na minong'ono nyuma. Mwanamke mmoja akasema yeye hajasahau, na mtoto wake hatashikwa na mikono ile. Mama Pacha akamgeukia. "Aliyeambiwa apandishe gauni ni mimi au wewe? Mimi nimesema." Mwishowe wakakubaliana: mama mkubwa akae na watoto siku ya kwanza ya shule, wazazi waone, jioni yake wakae waamue.

Wiki ile alikata kucha mpaka zikakaribia nyama. Alijifunza wimbo wa kunawa mikono kutoka kwangu, anausahau katikati, anaanza upya. Usiku uliotangulia aliniambia, "Mwanangu, niombee nisikosee."

"Utakosea nini, mama mkubwa? Ni watoto tu."

"Ndiyo hivyo."

Siku yenyewe jengo liling'aa. Ukuta wa kusini ulikuwa na madirisha makubwa, na watu waliopita nje walisimama kuchungulia, wakatolewa ulimi na watoto wa darasa la kwanza. Sehemu ya ukuta mweupe nilikuwa nimeipaka rangi nyeusi iwe ubao, kwa mkono wangu, na Mwalimu akaandika tarehe juu yake. Mimi nilikuwa namalizia ubao wa mwisho kwenye ukumbi, karibu na mlango mdogo, kwa hiyo niliweza kumwona mama mkubwa kupitia mlango wa chekechea. Alikaa sakafuni miguu mbele. Watoto walimpanda kama ukuta. Kila mmoja alimletea zawadi ya kipumbavu aliyookota, na yeye alipokea kwa mikono miwili, akasema asante kwa heshima, akatia mfukoni. Wimbo aliuimba mpaka mwisho. Mwalimu alipita akaninong'oneza, "Huyu mama ni dhahabu." Nilifurahi mpaka nikapaka rangi mahali pasipotakiwa.

Geti kubwa lilikuwa bado halijarudishwa kwenye bawaba zake. Kwa hiyo Mwalimu akapanga kwamba wakati wa kuondoka watoto wadogo watoke kwa mlango mdogo, mmoja mmoja, mama mkubwa akiwakabidhi kwa wazazi wao ili asipotee mtu. Mpango mzuri. Hata mimi niliuona mzuri. Wazazi na mabibi wakajipanga nje, wamevaa vizuri, Mama Pacha mbele kabisa.

Kumbe Cheche alikuwa na zawadi yake. Asubuhi, badala ya kengele, tuligongewa kipande cha chuma. Mchana wote alikuwa juu ya paa na nyaya zake, amekataa kumwambia mtu anafanya nini. Saa ya kuondoka ilipofika, king'ora cha kiwanda kililia.

Kililia kama zamani, nadhani, kwa sababu wanawake wote waliokuwa nje walishtuka kwa pamoja. Watoto wakaziba masikio wakafurahi. Nilimwona mama mkubwa akiinuka. Hakuinuka kama mtu mwenye magoti mabovu. Aliinuka mara moja, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda akasimama pale penye saruji iliyolika.

"Simama," akasema. "Mikono juu."

Haikuwa sauti yake. Au ndiyo ilikuwa sauti yake, mimi ndiye sijawahi kuisikia. Mtoto wa kwanza akacheka, akainua mikono. Mama mkubwa akampapasa kichwani, makwapani, kiunoni, pindo, viatu. "Pita." Wa pili. "Pita." Ilikwenda haraka, haraka sana, macho yake yakiwa hayatazami mtoto bali yanatazama ukuta, kama anasikiliza kwa vidole. Watoto walidhani ni mchezo, wakasukumana kwenye foleni mikono ikiwa tayari juu. Nilitaka kumwita. Nikabaki nimesimama na brashi, rangi ikinitiririka hadi kiwikoni.

Akafika mjukuu wa Mama Pacha. Kichwani, makwapani, kiunoni. Mikono ikafika kwenye soksi, ikasimama. Akachomoa bobini moja, ya njano.

"Anacho!"

Alisema kwa furaha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote na ndilo ninalolisikia mpaka leo. Alikuwa ameishika bobini juu, uso umemng'aa kama mtu aliyefanya kazi yake sawasawa na anangoja mlinzi aje.

Mlinzi hakuja. Mtoto alianza kulia. Na Mama Pacha, ambaye alikuwa ameingiza mguu mmoja mlangoni kumpokea mjukuu wake, alikuwa amesimama wima na mikono yake yote miwili iko juu.

Sijui iliinuka saa ngapi. Nadhani hata yeye hakujua. Mtoto akaacha kulia, akamtazama, kamasi mdomoni.

"Bibi, na wewe unacheza?"

Mama Pacha akaitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto. Akaishusha polepole, akaikunja tumboni, na uso wake, ule uso usioona haya kwa mtu yeyote, ukainama. Nyuma yake nikaona wanawake wengine wawili watatu wanashusha yao. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndipo mama mkubwa akaamka. Alitazama bobini. Akamtazama mtoto, akamtazama Mama Pacha. Akachuchumaa, magoti yakalia, akaiweka bobini kwenye kiganja cha mtoto, akamkunjia vidole kimoja kimoja.

"Basi, dada," akasema Mama Pacha. Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali. "Basi. Ni kile king'ora tu."

"Ni king'ora, mama!" Cheche alisema kutoka juu ya paa, kichwa chake kikichungulia. "Ni mimi! Nitakikata sasa hivi!"

"Mama, kuna nini?" Mwalimu alikuwa amekuja mbio, anatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kimetokea nini? Mtoto kuchukua bobini si kosa, atairudisha kesho."

Yule mwanamke aliyenong'ona kikaoni alikuwepo. Alikuwa anafunga kitambaa chake cha kichwa upya, ingawa hakikuwa kimefunguka.

Mama mkubwa akasimama. Akavuta mifuko yake nje, wa kulia, kisha wa kushoto. Safari hii haikuwa mitupu. Kikaanguka kipande cha chaki, vifungo viwili vya shati, kokoto, jani lililokunjwa, mfuniko wa chupa, zawadi zote za siku ile, zikadunda kwenye saruji na kusambaa miguuni pa watoto. Alizitazama. Sikuwahi kumwona mtu akitazama vitu vidogo kama vile kwa namna ile. Hakuinama kuziokota.

Wanawake wakampisha. Walipisha zaidi ya ilivyohitajika. Akavuka kizingiti ameinamisha kichwa, akapita kati yao, akashika barabara.

"Mama, watoto wako!" Mwalimu akaita. "Kesho?"

Sikumfuata mara moja. Nilipiga magoti nikaokota chaki na vifungo, nikawa nalitafuta lile jani. Nilipotoka nje alikuwa ameshafika mbali, mwembamba, peke yake katikati ya barabara iliyonyooka, na mifuko bado ilikuwa nje, inapepea ubavuni. Mama Pacha alikwenda nyumbani kwetu jioni ile, na kesho yake, na tena Jumamosi. Walikunywa chai pamoja. Lakini mlango ule mama mkubwa hakuuvuka tena.